Nati Moja, Alama Mbili

Bagara, Babati
Jumapili jioni

Upendo mwanangu,

Usishangae bahasha hii kuwa nzito. Humo ndani hamna hela. Kuna spana yako namba kumi, ile uliyoitafuta Ijumaa mpaka ukamwaga kisanduku chote cha vifaa uani, ukaniuliza, "Baba, hujaiona spana yangu?" Nikakujibu bila kupepesa macho kwamba sijaiona. Ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Wakati unauliza, mkono wangu ulikuwa umeishika.

Zamani barua tulizianza kwa kusema mimi ni mzima, sijui wewe. Wewe najua u mzima, maana nimekusikia ukicheka na mama yako ndani ya bajaji mpaka mkakata kona kwenda Singe kumuaga bibi yako. Bibi hatawaachilia kabla hamjala, na hatawalisha kabla hajawasimulia habari za ng'ombe wake wote, mmoja mmoja. Kwa hiyo nafasi ninayo. Nina meza, nina kalamu ambayo mteja aliisahau gereji, na nina kosa la kuungama.

Mambo ya kupima oili, kujaza maji, upepo wa matairi na kutokula chipsi zilizopoa njiani, mama yako ameshakuandikia kwenye daftari, kurasa nne, mbele na nyuma. Siingilii shamba lake. Mimi nakuandikia habari za taa.

Unaikumbuka Ijumaa. Mizigo imefungwa, gunia la mbaazi liko kwenye buti, majirani wameshakuaga, mama yako ameshalia na kumaliza. Ukamwasha Shangazi, hilo gari letu la rangi ya maharage tulilolipa jina hilo kwa sababu hulalamika njia nzima lakini hufika, ukatoka kwenda kuanza kazi Makambako. Hukufika hata mwisho wa mji. Nusu saa baadaye nikausikia mlio wake unarudi.

"Baba, taa za dashibodi zinacheza," ukasema. "Zinawaka, zinazima, zinawaka tena. Siwezi kwenda Makambako hivi."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Pole mwanangu. Basi utaondoka Jumatatu, tutaangalia taratibu." Moyoni nilikuwa napiga vigelegele.

Ni mimi, Upendo. Alhamisi jioni, ukiwa kanisani unaagana na kwaya ya vijana, nilifungua mlango wa dereva, nikapiga magoti, nikaingiza mkono pale pembeni mwa mguu wa dereva, ambapo ule waya mweusi unaotoka kwenye dashibodi umefungwa kwenye bodi la gari. Nikachukua spana yako nikailegeza nati yake. Nusu mzunguko tu. Nilipima kwa makini, kwa ufundi wangu wote: taa zicheze, ila gari lisizime barabarani. Sijawahi kuharibu gari kwa ustadi namna ile.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekwenda siku tatu, na leo lazima ifike mwisho, maana Jumatano unatakiwa kazini na njia ya Kondoa na Dodoma na Iringa haikusubiri. Nikishaandika ya kuandika nitakwenda kuikaza hiyo nati kabla hamjarudi, na barua hii utaikuta Makambako chini ya kanga zako. Utakasirika, lakini utakasirika ukiwa mbali, na mimi hasira za mbali naziweza.

Kabla sijaenda, ngoja nikwambie lilikotoka. Kosa hili jipya lina baba yake, kosa la zamani ambalo wewe hulijui vizuri kwa sababu ulikuwa darasa la tatu.

Usharika wetu ulikuwa na kibasi cha kwaya. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa Mama Elibariki, yule mama mfupi anayetembea kama anakwenda kumkamata mtu. Akakileta gereji. "Shikamoo si mimi wa kuitoa, fundi, wewe ni mdogo kwangu," akaanza, maana nilisahau kumwamkia. "Taa za dashibodi zinacheza."

Swali la kwanza la fundi ni moja tu: zinacheza lini? Leo nakufundisha swali hilo kama vile nilizaliwa nalo. Siku ile sikumwuliza. Niliona aibu kuuliza, nilidhani fundi anayeuliza ni fundi asiyejua. Nikang'oa dashibodi nzima. Nikabadilisha globu zote, nikafungua swichi, nikaagiza alteneta nyingine kutoka Arusha. Nikawasha, taa zikatulia tuli. Nikamrudishia kibasi chake, kifua mbele.

Siku tatu baadaye karudi. "Baba Upendo, zinacheza."

Nikawasha mbele yake. Hazikucheza. Nikakanyaga mafuta, nikawasha taa kubwa, nikapiga honi. Zikatulia. "Hazichezi, mama."

"Zinacheza tukiimba."

Nilicheka, Upendo. Nilicheka mbele ya mafundi wote wa pale, mbele ya wateja, mpaka nikashika boneti nisianguke. Nikamwambia, "Basi imbeni za taratibu, zisipate mdundo." Watu wakavunjika mbavu. Mama Elibariki peke yake hakucheka. Alifungua mlango wa kibasi akasema neno moja: "Panda."

Nikapanda. Alipita mtaa kwa mtaa akiwakusanya wanakwaya wake, tukaifuata njia ya Singe. Mbele, kiti cha abiria, alikaa Mzee Tluway, sauti ya nne, mwili wake unaujua: alipokaa, kibasi kiliinama kidogo kumpa heshima. Wimbo wa kwanza, hamna kitu. Wa pili, hamna. Nikaanza kutabasamu. Wa tatu ulikuwa wa makofi. Mzee Tluway akaanza kuyumba, kulia, kushoto, na dashibodi ikaamka. Pa! Pa! Pa! Zilikuwa zinakwenda na mdundo, mwanangu, hazikosei hata pigo moja. Wanakwaya walipoona wakazidisha, nao mzee akazidisha, na mimi fundi mwenye kifua nikajikuta napiga kelele, "Endelea mzee! Endelea hapo hapo!"

Kwenye kibasi kile betri ilikuwa chini ya kiti chake. Tukasimama, tukamteremsha, nikainua kiti. Waya mnene mweusi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi, nati yake nikaigusa kwa kidole ikacheza. Mzee akiyumba, inagusa na kuachia, inagusa na kuachia.

Pale ndipo niliposikia Kiswahili chetu kwa mara ya kwanza. Mteja anasema taa inacheza. Fundi anasema nati inacheza. Neno ni hilo hilo moja! Mama Elibariki alikuwa ameniambia ugonjwa na dawa kwa pamoja, siku ya kwanza, nami nikaenda kuagiza alteneta Arusha. Kinachocheza juu kina mwenzake anayecheza chini. Tangu siku ile, gari likija taa zinacheza, sianzi na dashibodi hata siku moja. Naanza na betri, vichwa vyake kama vina ule unga mweupe navimwagia maji ya moto na magadi, napiga msasa, halafu naufuata ule waya mweusi mpaka unapokanyaga bodi. Mara nyingi safari inaishia hapo. Na kama taa zinafifia gari likiwa limesimama na kung'aa ukikanyaga mafuta, ndiyo kwanza unauangalia mkanda na alteneta. Haya unayajua kuliko mimi, nayarudia kwa raha tu.

Lakini hadithi haikuishia kwenye raha. Nilifurahi mno. Niliikaza ile nati kwa vidole nikisema spana nitatia baadaye, nikarudi kwenye kiti changu nikaimba nao njia nzima, mimi ambaye sijawahi kuimba hata kipaimara. Baadaye haikufika. Jumamosi iliyofuata kibasi kilizima kabisa pale Mutuka, mchana kweupe, bibi harusi akiwa ndani na shela lake. Kwaya nzima ikashuka na sare zake kusukuma. Kufika kanisani walikuwa wekundu kwa vumbi, bwana harusi akadhani wamevamiwa. Ndoa ilifungwa, na wale watu wana watoto wanne sasa, kwa hiyo sikuharibu kila kitu.

Jumatatu Mama Elibariki alikuja. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema tu, "Baba Upendo, jicho la mtu aliyefurahi halioni. Weka jicho la pili."

Hapo ndipo sheria ya gereji yetu ilipotoka. Anayekaza nati anatia alama ya rangi, mstari mdogo kutoka kwenye nati mpaka kwenye bodi. Mtu wa pili anakuja, anaishika kwa mkono wake, anatia alama yake pembeni. Gari lisilo na alama mbili halitoki. Mafundi wenzangu walinicheka, wakasema naremba magari. Wewe ulipotoka chuo ukaja kufanya kazi nami ukazidisha: kopo la rangi lilikuwa limekauka, ukatoa kwenye mkoba ile rangi yako ya kucha, nyekundu ya kuwaka. Unamkumbuka Mzee Tluway alivyofungua boneti yake akauliza nani analipeleka gari lake harusini? Tangu hapo ukakaza wewe nikakagua mimi, nikakaza mimi ukakagua wewe. Miaka minne. Sikujua kwamba nilikuwa na furaha kiasi hicho, nilidhani ni kazi tu.

Kuna jingine, dogo kwa kulitazama. Yule dereva wa lori la Singida uliyemfungia nyaya upya. Alizitazama muda mrefu, akasema, "Hii kazi ni ya mtu mwenye mikono safi. Ni wewe, fundi?" Nikajibu, "Ni sisi." Wewe ulikuwa upande wa pili wa boneti ukasikia. Ukaendelea kuimba kwa pua. Lile "sisi" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ilikuwa wewe. Mimi siku ile nilikuwa nimelala chini ya mti wa jirani. Nasema sasa, kwa maandishi, na ukitaka mpelekee yule dereva barua hii.

Na ndiyo maana naelewa kilichonipata Alhamisi. Tangu jibu la kazi ya Makambako lilipokuja, mimi ndiye niliyekuwa nacheza. Nasahau vifaa, nagombana na redio, mama yako ananiuliza chai imekosa nini. Kama gari lingenijia hivyo ningeuliza: linacheza lini? Ningeona mara moja kwamba linacheza kila Upendo akitaja safari. Lakini fundi hajipimi mwenyewe. Nilijiambia naogopa barabara, naogopa malori ya huko, naogopa baridi. Uongo mtupu. Nilitaka siku tatu za nyongeza, nikaziiba.

Na zilikuwa siku tamu, siwezi kusema vinginevyo! Ijumaa mchana ulikaa kizingitini na mama yako mkipaka kucha, mnacheka mambo ambayo mkiniona mnanyamaza. Nilikusikia ukimwambia, "Mama, kichupa usikitupe, kuna kazi moja imebaki," nami nikadhani ni kucha za miguu. Jioni tukala samaki wa ziwani na ugali wa moto. Jana kutwa nzima ulilala chini ya dashibodi, miguu nje, unasema unatafuta tatizo, huku ukinidai hadithi: ya kibasi, ya harusi, ya nilivyomposa mama yako kwa tochi niliyotengeneza mwenyewe ikagoma kuwaka. Mara tatu ulitoa kichwa ukasema, "Baba, njoo uangalie na wewe." Mara tatu nikakujibu, "Wewe ndiye fundi, tafuta." Sikuthubutu kuinama pale na wewe pembeni. Ningeitazama ile nati na uso wangu ungesema yote.

Haya. Jua limeanza kushuka nyuma ya nyumba na kilele cha Kwaraa bado kina mwanga. Naenda kuikaza. Nikirudi nitaandika la kwaheri, nifunge bahasha.

Nimerudi.

Utanisamehe mwandiko, mikono imejaa vumbi.

Nimepiga magoti pale pale, nimeingiza spana, nimevuta. Haikwenda. Nikavuta tena nikidhani imeshika kutu. Haikwenda hata chembe. Nikachukua tochi nikainama mpaka shavu likagusa zulia la gari. Nati imekazwa, Upendo. Imekazwa vizuri, kama nilivyokufundisha. Na juu yake kuna mstari mwekundu wa kuwaka, umekauka zamani. Mstari mmoja.

Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi, nikapiga hesabu ya siku. Rangi ile ulipaka Ijumaa. Yaani kabla hata ya samaki ulikuwa umeshaliona kosa, umeazima spana ya watu, umeikaza nati na kutia alama. Halafu ukaniuliza kama nimeiona spana yako! Ukanitazama nikisema uongo, ukasema, "Haya baba, itaonekana tu." Jana kutwa ulilala chini ya dashibodi iliyo nzima. Hukuwa unatafuta chochote.

Kumbe sikuiba kitu. Ulinipa mwenyewe, na mimi nikawa napokea kwa kujificha.

Nilianza kucheka, mwanangu. Nilicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua akauliza, "Baba Upendo, kwema?" Nikamwambia kwema kabisa, mtoto wangu ni fundi. Sio sisi. Yeye.

Halafu nikaukumbuka ule mwito wako. Baba, njoo uangalie na wewe. Mara tatu. Na gari lenye alama moja halitoki, hiyo ni sheria yangu mimi. Ungeweza kuondoka Ijumaa ile ile jioni, au Jumamosi, gari zima, barabara nyeupe. Hukuondoka. Ulikuwa unanisubiri mimi.

Nimekwenda dirishani. Kichupa ulichomkataza mama yako kukitupa kipo pale ulipokiacha, kimebaki tone la ile kazi moja, alama yangu. Nimerudi kwenye gari, nimeishika nati kwa mkono wangu, nimeitikisa kama sheria inavyotaka, haikucheza. Mimi ndiye niliyekuwa nacheza. Nimetia alama yangu pembeni ya yako. Imepinda, na rangi nyingine imenimwagikia kwenye kucha ya gumba, mama yako akiiona atanicheka mpaka Krismasi.

Barua hii siifichi tena chini ya kanga. Naiweka juu ya usukani, uikute alfajiri, unisute kwa mdomo wako kabla ya kuwasha, nami nitasimama pale pale nisikie yote.

Sasa nasikia bajaji inakuja, na wewe sauti yako iko juu kuliko injini yake. Bibi amewapa kuku, namsikia huyo kuku naye analalamika.

Gari lina alama mbili, mwanangu. Linaweza kutoka.

Baba yako,
fundi msaidizi wako